Nafasi Tatu Katika Pikapu ya Mayai

Nilifika Thika nikinuka ngozi. Tulitoka Mumias alfajiri, mama, mimi na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya, tukiwa tumeketi mbele katika lori lililobeba ngozi mbichi za ng'ombe, zimekunjwa na kutiwa chumvi, zikipelekwa kwenye kiwanda ambako baba alikuwa amepata kazi miezi minne kabla. Vyombo vyetu vilifungwa kwa kamba juu ya ngozi hizo: kitanda, meza, masufuria ndani ya gunia. Mkeka wa kuswalia peke yake mama alikataa kuuweka nyuma, akaukunja mapajani. Tulipita Kakamega, tukapita Kisumu, na kule Kericho mvua ilitushika katikati ya mashamba ya chai, dereva akawa anasimama kila mlima ili injini ipoe. Tulilala Nakuru. Siku ya pili, penye vizuizi vya barabarani, askari walitupungia mkono tupite bila kukagua chochote, pua wamezifunika kwa kofia zao. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na niliona fahari. Nilidhani tunapewa njia kwa heshima.

Tulishukia mtaa wa Kamenu, kwenye ploti ya vyumba kumi vilivyotazamana, bomba moja la maji katikati. Mtoto wa kwanza kunisogelea alikuwa mvulana wa rika langu mwenye pengo la jino la mbele. Alinizunguka mara moja, akavuta hewa puani kama mtu anayeonja mchuzi kabla ya kutia chumvi.

"Wewe unanuka kama kiatu kipya," akasema. "Unaitwa nani?"

"Rashidi."

"Mimi ni Mwaura. Huyu ni dada yangu, Wanjiku. Kuja nikuonyeshe mahali choo iko, kabla hujauliza mtu mbaya."

Hivyo nilipata rafiki kabla kitanda chetu hakijateremshwa kutoka kwenye lori. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini siku ile aliyepona alikuwa mgeni. Tangu wakati huo nimeishi Eldoret, Voi, Arusha, Isiolo, na miji mingine ambayo sikukaa hata nikajua jina la muuza maziwa. Nimevuka miaka arobaini, na hakuna mahali nilipopata mtu wa kunipokea haraka namna ile. Labda ndiyo sababu nilimpenda Mwaura kama mtu anavyopenda mali yake. Kiatu kipya, hata leo nikikinusa dukani, huniletea uso wake na lile pengo.

Utamu wa maisha yetu ulikuwa Jumamosi. Shangazi yao, ambaye nami nilijifunza kumwita Tata, alikuwa na chuo cha kupiga chapa huko Ruiru, ghorofani, karibu na stesheni ya reli. Kulikuwa na taipureta zilizopangwa kama madawati, harufu ya wino na ya ile dawa nyeupe ya kufutia makosa, na pembeni kompyuta mbili zilizofunikwa vitambaa vya kufuma, vile vile kama makochi ya sebuleni kwake. Jumamosi wanafunzi hawakuja, na Tata alituruhusu kufunua moja. Mwalimu mmoja aliyehama alikuwa ameacha disketi tatu zenye mchezo wa mapanga, mapango na mazimwi, na chini kabisa ya mapango hayo, kwa jinsi kijitabu chake kilivyosema, lililala joka. Kuliua joka lile ndiyo iliyokuwa haja yetu ya mwaka mzima. Shule ilikuwa kazi ya katikati ya juma.

Tulifika Ruiru kwa pikapu ya mume wa Tata. Anko, kama tulivyomwita, alikusanya mayai kwenye mashamba ya Theta, akayagawa katika mahoteli ya Thika asubuhi, kisha akarudi na yaliyobaki hadi Ruiru. Jioni aliturudisha. Mbele kulikuwa na nafasi ya dereva na watoto watatu, basi. Wa nne hakuwa na mahali, wala hakukuwa na mjadala. "Nyuma ni ya mayai," Anko alisema kila mara mtu alipoinua mguu kutaka kupanda. "Yai likivunjika halilii. Mwenye kulia ni mimi."

Sasa nieleze mchezo wenyewe, kwa sababu ubaya wangu ulizaliwa humo. Uliruhusiwa kuingia mapangoni na watu wasiozidi wanne, na kila mmoja wetu alikuwa na mtu wake. Mwaura alikuwa na mpiga panga aliyemwita Jenerali. Wanjiku alikuwa na mpiga mishale. Mimi nilikuwa Daktari. Daktari hakupiga mtu. Alitibu majeraha, na kila tulipopumzika alichemsha dawa ya buluu ambayo aliijua yeye peke yake, akaitia kwenye vichupa. Mkishinda vita mlipewa alama, ambazo sisi tuliziita maksi, na maksi ziligawanywa sawasawa kwa waliokuwepo. Ukizikusanya za kutosha unapanda daraja, unakuwa na nguvu zaidi. Mchezo wenyewe ulikuwa na macho: ulihesabu vichwa. Mkiingia wanne mazimwi yanakuja kundi zima. Ukiingia peke yako unakutana na moja, labda mawili, lakini ukishinda maksi zote ni zako. Juu ya sheria hizo Mwaura aliongeza yake: hakuna kumbeba mtu ambaye mwenyewe hayupo. Usipokuja Ruiru, mtu wako analala katika nyumba ya wageni ya mchezo hadi utakapokuja. "Ni kama kumjibia mtu jina darasani na yeye ako nyumbani," Wanjiku alieleza. Hatukuona kwamba kwa sheria hiyo tulikuwa tumelifunga joka na pikapu ya mayai kwa kamba moja.

Kwa muhula mzima tulikuwa watatu, nafasi tatu, tukipanda madaraja kama ngazi ya nyumba moja. Kitu nilichokipenda kuliko ushindi kilikuwa sauti ya Mwaura akiwa taabani, macho hayabanduki kwenye kioo, akisema, "Daktari, nitibu." Nami nabonyeza kitufe. Sijawahi tena kuhitajiwa kwa urahisi kiasi kile.

Halafu akaja Martin. Yeye na mama yake, aliyekuwa mwalimu, walipanga chumba cha mwisho karibu na lango. Alikuwa mtoto mtulivu mwenye soksi zilizosimama, na wala hakuwa na majivuno. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa nayo. Kile kijitabu cha mchezo, ambacho sisi tulikitumia kuwekea kikombe, alikiazima akakisoma mwanzo hadi mwisho kwa juma moja, Kiingereza chote. Wanjiku alikuwa na nguo za kufua Jumamosi hiyo, akamwachia nafasi yake ndani ya pikapu. Martin akaunda mtu wa kurusha moto. Mama Mwaura alikuwa ameokoka na asingependa kusikia neno mchawi ndani ya nyumba yake, kwa hiyo mtu huyo akaitwa Profesa. Siku hiyo Profesa aliunguza mazimwi sita kwa mkupuo mmoja, na Mwaura alicheka mpaka Tata akaja kuangalia kuna nini. Mimi nilikuwa nimeketi kando yake. Sikumbuki kama nilicheka.

Tulikuwa wanne sasa, na pikapu haikukua. Tulikaa kwenye ukuta wa ploti kulijadili jambo hilo, na Martin alilieleza kwa upole, kama mwalimu wa hesabu.

"Mkiwa wanne, maksi zinagawanywa kwa wanne, na mazimwi yanaongezeka. Watatu ndio sawa. Sasa ni kuangalia tu nani hapigi."

Hakutaja jina langu. Wanjiku alitazama miguu yake. Mwaura alikuna kichwa, kisha akatoa hukumu ambayo hata leo naiona ya haki. "Wacha nyinyi wawili mpokezane. Jumamosi hii Rashi, ile ingine Martin."

Lakini haki ya zamu haikutosha. Zamu ya Martin ilipofika waliteremka mapango mapya na kurudi wamepanda madaraja mawili. Zamu yangu tulipiga hatua moja, kwa sababu mganga hachomi mtu. Baada ya miezi miwili wao walikuwa daraja la nane, Daktari yuko la tano, na katika mapango waliyoyazoea zimwi moja lilinigusa mara moja tu nikaanguka. Ikabidi kila nilipokuwepo turudi kwenye mapango ya juu, ya watoto, ambako maksi zilikuwa makombo. Aliyeachwa nyuma leo, kesho anaachwa zaidi. Mwaura hakulalamika, ila alianza kuhema kabla ya kubonyeza. Kisha akaanza kuniomba. "Rashi, wiki hii tuko karibu sana. Wacha Martin aende tena, halafu wewe utaenda mbili zikifuatana." Nikabaki ukutani, nikaitazama pikapu ikikunja kona, vichwa vitatu vikionekana kwa kioo cha nyuma, cha katikati kikiwa cha Martin. Nilimchukia kwa soksi zake. Nilimchukia alipoombwa kalamu akasema chukua tu. Hata mama yangu alipomsifu kwa salamu zake nzuri nilikataa chai.

Mwaura alikuwa mtu wa neno lake, na Jumamosi yangu ilifika. Ilikuwa Ramadhani, juma la pili, jua la kiangazi likiwa limekausha hata matope ya bombani. Tulicheza kwenye mapango ya watoto hadi adhuhuri, ndipo Tata akaita kutoka chumba cha nyuma kwamba githeri iko tayari.

"Rashi, wewe umefunga?" akauliza.

"Ndiyo, Tata."

"Basi kaa hapo ulinde mashine. Na usivute hewa sana, utafungua kwa pua."

Wakacheka, wakaenda, mlango ukabaki wazi nusu. Nikabaki mimi na kioo. Kwenye nyumba ya wageni majina manne yalikuwa yamepangwa, la mwisho Profesa, amelala, mwenyewe yuko Kamenu akinyoosha sare za shule. Nilijua sheria. Nilimwamsha, nikawalaza wengine watatu. Kabla sijamtoa nje nilifanya jambo ambalo mpaka leo sielewi vizuri: nilichukua chupa tatu za dawa ya buluu kutoka kwa Daktari wangu, nikazitia katika mfuko wake. Labda ni kwa sababu ya saumu. Labda nilitaka, nikiulizwa mbinguni, niseme kwamba nilimpa pa kuponea. Lakini nilikuwa naenda kumuua, na kitufe cha kunywea dawa kilikuwa chini ya kidole changu mwenyewe.

Nilimwingiza pangoni peke yake, na akashinda. Nilikuwa nimesahau kwamba mchezo unahesabu vichwa. Kwa mtu mmoja ulituma zimwi moja, Profesa akalichoma, na maksi zote zikawa zake. Nilimvua joho lake la kinga. Akashinda. Nikamnyang'anya fimbo. Akashinda kwa mikono mitupu, akapanda daraja la tisa, kisha la kumi, na mashine ikapiga kile king'ora chake kidogo cha pongezi, nami nikaziba spika kwa kiganja. Nilikuja kumzika na nilikuwa namlea. Kutoka chumba cha nyuma nilisikia vijiko vikianza kukwaruza chini ya sahani. Alipofika la kumi na moja nilimteremsha mbio hadi mlangoni pa joka, ambako walikaa walinzi wawili wa mawe wasiojali umekuja na nani. Hao ndio waliomaliza kazi yangu. Nikahifadhi mchezo, nikawaamsha wengine watatu, nikawarudisha kwenye pango la watoto, nikakunja mikono.

"Umefanya nini saa hii yote?" Mwaura akauliza, akifuta mdomo.

"Nimekaa tu."

Jioni nilifungua kwa tende kama Waislamu wenzangu, nikijua moyoni kwamba saumu yangu ilivunjika adhuhuri.

Juma lililofuata ilikuwa zamu ya Martin. Waliporudi, Mwaura alinikuta bombani. "Profesa amekufa," akasema. "Jina liko, lakini lina alama ya fuvu. Tata anasema ni disketi, eti joto." Martin alikuwa nyuma yake. Nilingoja aseme neno, aniangalie vibaya, nipate sababu. Alisema tu, "Nafikiri mimi ndio nilisahau kuhifadhi vizuri." Kisha akaongeza, "Rashi aende Jumamosi zote sasa. Mimi sina mtu wa maana." Kikulacho ki nguoni mwako, na mwenye nguo hakuwa na habari.

Nilipata nafasi yangu, ya katikati kabisa. Na njia nzima, Juja hadi Ruiru, walizungumza juu yake. Hapa Martin angefanya hivi. Ile daraja ya kamba, Martin alikuwa amesoma siri yake. Nilikuwa nimemtoa mtu ndani ya pikapu na yeye akawa ameijaza.

Idi iliangukia Jumamosi. Nilivaa kanzu mpya, tukaswali, mama akapika pilau, nami nikatumwa kupeleka sahani nyumbani kwa kina Mwaura. Niliwakosa, walikuwa wameenda Ruiru, na kwa kuwa nafasi yangu ilikuwa wazi Martin alikuwa amechukuliwa. Walirudi magharibi wakanikuta mlangoni kwao bado nina kanzu yangu. Mama yao alituwekea pilau tule pamoja.

"Rashi, joka limekufa," Mwaura akasema kabla hajaketi.

Walikuwa wameshuka watatu, Martin na mtu mpya dhaifu, na mlangoni pa joka wakakuta maiti ya Profesa. Waliibeba hadi hekalu la mji wa mchezo, wakatoa dhahabu yao yote, akafufuliwa.

"Nilimwacha daraja la nane," Martin alisema, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiongea na chakula mdomoni. "Amefufuka akiwa la kumi na moja. Sijui alikuwa anakula nini huko chini."

"Na dawa kwa mfuko," Mwaura akadakia. "Hizo ndizo zilituokoa. Jenerali alikuwa amebakisha pumzi moja."

Wanjiku alinitazama, akatazama sahani, akaendelea kula. Mimi niliuliza joka lilikuwa na rangi gani. Mchimba kisima huingia mwenyewe, husema wazee, lakini mimi nilichimba, watu wakanywa, nikabaki na kiu juu ya ukingo. Moyo haukunichoma kwa majuto. Ningependa kusema ni majuto, lakini nisingekuwa mkweli. Ulichoma kwa sababu walikuwepo watatu na mimi sikuwepo.

Siku hizi michezo ya aina hiyo iko kwenye simu, na katika nyumba za kulala wageni nilizopita nimemaliza mingi. Imerekebishwa sana. Inapima nguvu zako kimyakimya na kupunguza mazimwi yalingane nawe, na waandamani wanatengenezwa na mashine yenyewe. Hawahemi, hawaulizi nani hapigi, na aliyebaki nyuma anapandishwa daraja akiwa usingizini. Ni haki tupu. Huwa nafika mwisho, joka linaanguka, nazima simu na kutafuta chaja. Mwaka uliopita nilikutana na mtu wa Kamenu katika stendi ya Isiolo, akaniambia Mwaura na Martin wana duka la kutengeneza simu Ruiru, wawili hao, mwaka wa ngapi sasa. Nilimshukuru kwa habari. Basi langu lilipokuja niligundua nimeponda tikiti mkononi, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, kwa wivu ule ule wa ukutani.

Tuliondoka Thika mvua ndefu zilipoanza. Baba alikuwa mtu wa kuhama, na alikuwa amesikia habari za kazi nyingine Eldoret. Lori lile lile la ngozi lilikuwa linarudi tupu, likakubali kutubeba. Ilikuwa Jumamosi. Mwaura na Martin walinipa mikono asubuhi, Mwaura akaniahidi kwamba Daktari hatafutwa, atalala katika nyumba ya wageni hata miaka kumi, kisha Anko akapiga honi nao wakaenda. Anko alikuwa na mayai ya kufikisha na hakuna aliyemlaumu. Wanjiku hakwenda. Alibaki kumsaidia mama kufunga masufuria. Kamba zilipokwisha kukazwa alinisogelea kando ya gurudumu.

"Zilikuwa tatu," akasema.

"Nini?"

"Chupa. Na kwa huo mchezo ni mtu mmoja tu anajua kuzipika." Alisema polepole, bila kunitazama. "Sijawaambia. Lakini Rashi, si ungesema tu unataka nafasi? Ningekupatia yangu. Mimi hata hiyo pikapu hunitapisha."

Dereva aliwasha injini, mama akaniita, nikapanda. Tulipofika barabara kuu tuliikuta pikapu imesimama kando, Anko akimpimia mama mmoja trei ya mayai. Mwaura alikuwa dirishani, Martin kando yake, wameinamia kile kijitabu, na hawakuinua macho. Kati ya Martin na usukani kulikuwa na nafasi moja wazi, upana wa mtoto. Nilijua ni ya Wanjiku na kwamba Jumamosi itakayofuata angeijaza. Lori lilipita, nami nikageuza shingo hadi ikauma, nikiionea wivu nafasi ile tupu, kwa kuwa yenyewe ilikuwa inabaki.